Bahasha Nene: Hoja Dhidi ya Viambatisho vya Ziada

Nilikuwa nyumbani Milepa siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa. Anayelifahamu bonde la Ziwa Rukwa anakijua kipindi hicho: mpunga umekwisha kuvunwa, ufuta unakaushwa, na kila gari linaloteremka kutoka Ufipa ya juu huingia kijijini likiwa na rangi ya vumbi, hata kama liliondoka Sumbawanga likiwa jeupe. Jioni moja alinijia binti wa marehemu binamu yangu, ambaye kwa hesabu ya ukoo wetu huniita baba mdogo. Alinisalimu, akaketi mkekani, akaniuliza habari za safari, akanyamaza kidogo kama ilivyo adabu ya kwetu kabla ya kutaja haja. Kisha akaweka mbele yangu bahasha ya kaki iliyovimba hata gundi yake ikaachia.

"Baba mdogo," alisema, "naomba unisaidie kuchagua. Zipi nipeleke na zipi niache?"

Tulizimwaga karatasi zile juu ya mkeka. Kulikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa na matokeo yaliyochapishwa dukani. Kulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya paroko, cheti cha kuwa kiranja wa afya, cheti cha kushiriki mashindano ya insha, na cheti cha semina ya siku mbili ya ujasiriamali ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, walipewa soda na kalamu. Mwishoni kabisa, zikiwa zimefungwa ndani ya karatasi ya daftari, zilikuwamo picha tatu: nyumba yao, mama yake akipepeta ufuta, na kaburi la baba yake.

Nilimjibu haraka, kwa sauti ya mwalimu anayedhani ameulizwa swali jepesi. Nilimwambia apeleke vilivyotajwa katika mwongozo, asiongeze hata kimoja. Akanitazama kwa heshima, lakini bila kuridhika. "Wenzangu wote wanaongeza," akasema. "Na kama mimi sikuongeza, watajuaje?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu jibu langu la kwanza lilikuwa sahihi na wakati huohuo halikumtosha. Nataka kutetea usahihi wake, kisha nieleze ni nani aliyelifanya lisitoshe.

Nianze na jambo ambalo wanafunzi wengi, na baadhi ya walimu wao, hulichanganya. Mhitimu wa kidato cha sita hukabili milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake. Wa kwanza ni udahili wa chuo. Hapo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka sharti la msingi linaloweza kuandikwa kwenye kiganja: ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kwa hesabu ya A kuwa 5 hadi E kuwa 1, pamoja na masharti mahususi ya kila programu. Haulizi mtu kama ulikuwa kiranja. Mlango wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo haitazami akili zako bali hali yako. Hapo viambatisho ni vingi na vina uzito wa pekee. Mlango wa tatu ni wa wafadhili: mashirika, majimbo ya kanisa, kampuni, wakfu, vyuo vya nje. Huko kila mmoja ana utaratibu wake, na huko ndiko bahasha nene ilikozaliwa.

Bahasha ya binti yangu ilikuwa imekusudiwa milango yote mitatu kwa pamoja. Si kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mitatu.

Sasa niseme ninachopinga. Kwa miaka kadhaa nimesikia katika vyumba vya walimu wa vyuo vyetu, na katika midahalo ya wanaharakati ninaowaheshimu, pendekezo kwamba udahili wetu ni mkavu mno. Eti tunamchukua kijana kama tarakimu. Eti tuige vyuo vya Marekani: mwombaji aandike insha ya maisha yake, alete barua mbili za mapendekezo, aorodheshe uongozi na huduma aliyoitoa kwa jamii, aambatishe chochote kinachomwonyesha kuwa mtu kamili. Pendekezo hili husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa kwa niaba ya maskini. Ndiyo maana naliona la hatari.

Hoja yake bora si dhaifu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alieleza kwamba mtihani hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapohitajika, lakini haupimi fikra wala tabia wala moyo wa kuwatumikia wengine. Hakuna aliyefundisha chuo kikuu hata muhula mmoja atakayembishia. Nimewafundisha vijana wenye daraja la kwanza ambao hawajawahi kuuliza swali lolote isipokuwa "Hii itatoka kwenye mtihani?" Na nimewafundisha waliopenya kwa pointi nne kamili, wakaja kuwa wahitimu ninaojivunia mpaka leo.

Lakini Tanzania haijakaa ikiwaza tu kuhusu jambo hili. Tulilijaribu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua, pamoja na mambo mengine, kwamba kijana asipande moja kwa moja kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu. Atafanya kazi kwanza, angalau miaka miwili, na atakapoomba nafasi ataleta mapendekezo: ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Msomaji mdogo wa umri asome tena sentensi hiyo. Tulikuwa na barua za mapendekezo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tulikuwa na kipimo cha tabia, cha uongozi, cha huduma kwa jamii. Kilisainiwa na mwenyekiti wa tawi.

Matunda yake yanajulikana kwa yeyote anayesoma historia ya elimu yetu. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa sababu miaka ile ya kungoja ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na serikali ikalazimika muda si mrefu kuwaondolea sharti la kazi. Wazee waliopita katika utaratibu ule wamenisimulia jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi: barua ya tawi haikupatikana kwa kuwa mwema, ilipatikana kwa kuonekana. Aliyekuwa na ulimi mkali alijifunza kuukunja. Aliyegombana na katibu wa tawi juu ya mpaka wa shamba alijua kwamba mpaka huo unafika hadi Mlimani. Sisemi kwamba kila barua ilikuwa ya upendeleo. Nasema kwamba siku tuliyoifanya tabia kuwa kiambatisho, tulimpa mwenye kalamu ya kuisaini mamlaka juu ya mwenye kuihitaji. Katika muongo wa 1980 utaratibu ule uliachwa, na sikumbuki kusoma popote kwamba aliyekuwa mwombaji aliulilia.

Na hao Wamarekani tunaotaka kuwaiga? Ingefaa tujue walivyofika hapo. Mapema katika karne iliyopita, Harvard ilipokea wanafunzi wengi waliofaulu mtihani wake, na miongoni mwao idadi ya Wayahudi, wengi wakiwa watoto wa wahamiaji, ikapanda. Rais wa chuo hicho, A. Lawrence Lowell, alipendekeza mwaka 1922 kuwekwe ukomo wa idadi yao. Pendekezo la wazi lilipigwa vita likashindwa. Kilichofuata kikawa cha kistaarabu zaidi: kufikia mwaka 1926 chuo kiliongeza uzito wa "tabia" na haiba ya mwombaji, kikataka na picha yake. Hakuna aliyelazimika kutaja dini ya mtu. Picha na barua vilitosha. Mwanasosholojia Jerome Karabel ameisimulia historia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2005. Mtu mkamilifu, anayetazamwa kwa ujumla wake, alibuniwa kwa sehemu kubwa ili mtu fulani asiingie.

Ruka karibu karne moja. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi dhidi ya watu wapatao 50, wazazi matajiri, makocha na mawakala, waliokuwa wamehonga ili watoto waingie katika vyuo vyenye majina. Baadhi yao walitengenezewa wasifu wa uanamichezo. Zilitumika hata picha za kughushi zikimwonyesha kijana akicheza mchezo asioucheza. Kwa lugha ya mkeka wetu wa Milepa, walinunua viambatisho. Mtihani nao ulihujumiwa katika kashfa hiyohiyo, nakiri. Hakuna kipimo kisichoibiwa. Lakini kuiba mtihani ni jinai inayotambulika na kila mtu kuwa ni jinai. Kununua insha ya kijana, kumlipia semina, kumtafutia barua kwa mtu mkubwa, hakuna anayekuita mwizi. Wanakuita mzazi anayejali.

Hapa kuna jambo ambalo nimelificha kwa miaka tisa. Niliwahi kuketi katika kamati ya ufadhili ya taasisi ambayo sitaitaja. Nafasi ilibaki moja, majalada mawili. Moja lilikuwa na karatasi nne tu, zilezile zilizoombwa, kutoka kwa kijana wa moja ya wilaya za pembezoni. La pili lilikuwa limepangwa katika faili la plastiki lenye vitenganishi vya rangi: barua ya mkurugenzi fulani, vyeti vya kujitolea, picha ya mwombaji akipanda miti, nakala ya habari ya gazeti. Alama zao zilikaribiana kiasi kwamba tofauti haikuwa na maana. Tulijadili dakika zisizofika kumi. Mmoja wetu akasema, "Huyu wa pili anaonyesha ana nia." Nikakubali kwa kichwa. Nilipiga kura yangu kwa faili la plastiki.

Nimejiuliza mara nyingi tuliona nini. Tuliona kwamba mzazi mmoja alijua mahali vitenganishi vya rangi vinakouzwa. Karatasi nne za yule mwingine zilikuwa utii kamili kwa maelekezo yetu wenyewe, nasi tukausoma utii huo kama uvivu. Sikumbuki jina lake. Nakumbuka mwandiko wake, mrefu, wa kulalia kulia, wa mtoto aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya kuazima.

Ndiyo maana nilimwambia binti yangu asiongeze. Lakini ungana nami kurudi mkekani, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kuumia.

Nilichukua barua ya mtendaji wa kijiji nikaisoma. Ilisema kwamba mtajwa ni mkazi halali, anatoka katika familia duni, na kwamba msaada wowote atakaopewa utakuwa umemfikia mlengwa. Nimeona sentensi hizo, neno kwa neno, katika barua kutoka Kigoma, Lindi na Singida. Simlaumu mtendaji. Mtu anayeombwa barua kumi kwa wiki ataandika moja na kubadili majina. Ila kiambatisho kinachosema neno lilelile juu ya kila mtu hakisemi lolote juu ya yeyote, na bado kinamgharimu mwenye nacho siku nzima ya kumvizia mtendaji ofisini, na mara nyingine kinagharimu kile kinachoitwa hela ya karatasi.

Barua ya paroko ilikuwa tofauti. Haikuwa ya sifa. Ilikuwa dondoo ya kitabu cha maziko cha parokia: jina la baba yake, tarehe ya kufariki, tarehe ya kuzikwa, mahali. Nilimuuliza kwa nini ameileta.

"Sina cheti cha kifo cha baba," alisema. "Mwongozo wa mkopo unataka cheti. Ndiyo maana nimeweka hiyo, na picha ya kaburi."

Alikuwa darasa la tatu baba yake alipofariki, nyumbani, wakati wa masika, barabara ikiwa imekatika. Alizikwa kesho yake. Hakuna katika ukoo wetu, mimi mwenyewe nikiwamo, mwenye shahada tatu, aliyewaza kwenda kusajili kifo. Tulichanga, tulilia, tulirudi mijini. Leo, kwa mujibu wa karatasi za Jamhuri, binti huyu ana baba hai mwenye wajibu wa kumlipia ada.

Basi naomba msomaji aitazame bahasha ile upya. Nusu yake ilikuwa mapambo aliyofundishwa na wenzake. Nusu nyingine ilikuwa kijana anayejaribu kuziba, kwa picha ya kaburi, pengo ambalo serikali na ukoo wake waliliacha wazi. Tukimwambia tu "usiongeze kitu," tumemkinga na fedheha ya kwanza na kumtupa katika ya pili.

Hapa nageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nami nawajua kuwa si wachache. Taarifa nyingi tunazomdai mwombaji wa mkopo tunazo wenyewe. Cheti cha kuzaliwa kimetolewa na RITA; kisha mwombaji anatakiwa akihakiki RITA, yaani aiulize serikali kama karatasi ya serikali ni ya serikali, na alipie jibu. Matokeo yako Baraza la Mitihani. Utambulisho uko NIDA. Shule aliyosoma, idadi ya walimu wake, kama ilikuwa na maabara au la, viko TAMISEMI. Kaya zilizo fukara kupindukia zimeorodheshwa na TASAF, kijiji kwa kijiji, kwa mikutano ya hadhara. Na kumbe pale tunapotaka, tunaweza: aliyetoka katika kaya ya TASAF hutaja namba ya kaya, na namba hiyo husema zaidi ya barua kumi za mtendaji. Swali langu ni kwa nini mfano huo umebaki kuwa mlango wa pembeni badala ya kuwa mlango mkuu.

Jibu ninalopewa ni udanganyifu. Wazazi wenye maghorofa huleta watoto wao na barua za umaskini. Ni kweli, wapo. Lakini fikirini mantiki yake. Kila tunapogundua udanganyifu tunaongeza kiambatisho; kila tunapoongeza kiambatisho, anayeweza kukipata kwa urahisi ni yuleyule mwenye gari, mwanasheria na rafiki ofisini; na anayekwama ni wa Milepa, ambaye kwa kila muhuri hupanda mlima kwenda Sumbawanga, hulala kwa ndugu, na kurudi kesho yake akiwa ameambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Tumejenga uzio ambao mwizi ana ufunguo wake na mwenye nyumba hana.

Vivyo hivyo kwa udahili. Wanaotaka insha na barua wanasema pointi pekee hazioni mazingira. Nakubaliana nao kabisa juu ya ugonjwa. Ninachokataa ni dawa. Binti huyu alipata ufaulu wa pili katika kidato cha nne kutoka shule ya kata ambayo kwa miaka miwili haikuwa na mwalimu wa fizikia. Walijifunza kwa kunakili madaftari ya waliotangulia. Nilimuuliza kama amelitaja hilo popote katika bahasha yake nene. Hakuwa amelitaja. Alishangaa hata kuulizwa. Kwake yeye hilo halikuwa habari. Ndivyo shule zilivyo. Jambo moja ambalo kamati yoyote yenye haki ingetaka kulijua, mwombaji mwenyewe hakujua kuwa linafaa kusemwa, wakati cheti cha semina ya soda na kalamu kilikuwa juu kabisa ya rundo. Hivi ndivyo insha za maisha zitakavyokuwa: mtoto wa shule ya gharama ataandika kwa ufasaha juu ya wiki moja aliyotembelea kituo cha yatima, na mtoto wa bondeni atanyamaza juu ya miaka miwili bila mwalimu kwa sababu hajui kwamba wengine walikuwa naye.

Ninachotaka ni hiki. Maelezo ya ziada yawepo, lakini yasitoke mkononi mwa mwombaji. Jina linapofika chuoni au Bodi ya Mikopo, liambatane na ukurasa mmoja unaotoka serikalini moja kwa moja: shule alizosoma tangu darasa la kwanza, uwiano wa walimu na wanafunzi, kama masomo yake ya tahasusi yalikuwa na mwalimu, wastani wa matokeo ya shule hiyo, na nafasi yake mwenyewe ndani ya shule. Baraza la Mitihani tayari huyaweka matokeo hadharani shule kwa shule. Mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira sawa. Hoja njema. Lakini kama mazingira si sawa siku ya kutangaza washindi, hayawi sawa siku ya kugawa nafasi za udaktari na uhandisi.

Nitaambiwa kwamba hii itashusha viwango. Viwango vya nini? Aliyepata C ya fizikia bila mwalimu ameonyesha kiwango ambacho mimi, niliyesoma na mwalimu, sina hakika ningekifikia. Nitaambiwa pia kwamba wazazi wajanja watawahamishia watoto shule za kata mwaka wa mwisho. Ndiyo sababu nimesema tangu darasa la kwanza. Na kama mzazi mwenye uwezo ataamua kumsomesha mwanawe shule ya kata ya Milepa kwa miaka minne ili kupata faida hiyo, mimi nitamkaribisha kwa ngoma, maana nina hakika mwalimu wa fizikia atapatikana kabla ya muhula wa pili.

Kuna viambatisho ninavyovitetea. Mwenye ulemavu lazima awe na njia ya kusema anachohitaji, na asikilizwe. Fundi au mkulima mwenye umri mkubwa anayeingia kwa utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa huleta jalada la kazi zake, na hiyo ni haki, kwa sababu pale kiambatisho ndiyo kazi yenyewe, si ushuhuda wa mtu mwingine juu ya kazi. Mchoraji alete michoro. Wahunzi wa zamani wa Ufipa hawakuomba barua za mapendekezo, walionyesha jembe.

Kwa wanafunzi wanaonisoma, neno la vitendo. Kama mwongozo haukukiomba, usikipeleke kwa chuo wala kwa Bodi: hakuna atakayekisoma, na utakuwa umelipia nakala bure. Kwa mfadhili, soma kwanza anatafuta nini, kisha mpe kimoja kinachojibu hilo. Na kama umesoma bila mwalimu, bila maabara, bila vitabu, hilo liseme waziwazi katika mstari wa kwanza unaoruhusiwa kuandika. Si kulialia. Ni sehemu ya matokeo yako.

Tulimaliza kuchambua bahasha usiku, mama yake akitumulikia kwa tochi ya simu. Vyeti vya kiranja, insha na semina vilirudi sandukuni. Picha ya nyumba na ya mama akipepeta ufuta nazo zikarudi. Mama mwenyewe alizichukua, akasema hakujua kwamba zilipigwa kwa ajili hiyo, na kwa muda hakuna aliyezungumza. Picha ya kaburi ilibaki mkekani. Binti alitaka kuibakiza, kwa sababu ndiyo aliyoigharimia zaidi: alimlipa kijana mwenye simu nzuri na kwenda kuisafisha kwa Muze. Nilimwambia kwamba Bodi haitamhesabu yatima kwa picha. Nikamwambia pia kwamba dondoo ya paroko haina kazi ndani ya maombi, lakini ina kazi kubwa mahali pengine: kwa msajili, katika ofisi ya wilaya, ili kifo cha baba yake kisajiliwe sasa, kwa kuchelewa, na cheti kipatikane. Hilo lilikuwa jukumu letu watu wazima miaka yote hiyo. Nilitoa nauli, na huo ndio mchango mdogo kuliko yote niliyodaiwa.

Aliondoka alfajiri ya pili na gari la kupanda mlima, bahasha ikiwa nyembamba kiasi cha kuikunja mara mbili. Picha ya kaburi aliichukua. Hakuniambia ataifanyia nini, nami sikuuliza. Jioni nilipokea ujumbe wake: "Baba mdogo shikamoo. Wamepokea barua ya paroko ila wanataka na ya mtendaji kuhusu kifo, siyo ile ya umaskini. Aliyepo amesema nirudi Jumatano."

Dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa bado na majuma matatu.